Jina la Kumi na Sita

Jikoni, Shule ya Msingi Isuba
Mwaya, Kyela
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,

Shikamoo.

Jina lako sitaliandika, unajua kwa nini. Mke wa mwanao halitaji jina lako, hakutazami usoni, wala hapiti njia uliyosimama. Miaka kumi na moja nimeishika heshima hiyo, ingawa wenzangu wengi wameiacha na wanatazama mpira sebule moja na baba wakwe zao. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika, na kwa kuwa siwezi kuja kukuuliza kwa mdomo, nakuandikia. Ujumbe wa simu najua huusomi. Mama mkwe atakuletea barua hii ndani ya kapu la ndizi.

Asubuhi nimekuta orodha mlangoni pa ofisi: watakaoshukuriwa Siku ya Shukrani kwa Watumishi wa Shule, Jumamosi tarehe 31. Nimeisoma mara tatu. Walimu kumi na watatu, sawa, wanastahili. Isack mlinzi, sawa, ingawa nimeshamwamsha zamuni mara nyingi kuliko vidole vyangu. Wilbroad fundi wa kuchomelea, aliyetengeneza bawaba ya geti mara moja, mwaka juzi, na geti lenyewe mpaka leo linalia. Jumla majina kumi na matano. Mpishi hayumo.

Basi tuhesabu. Mwaka jana nimepika siku 194. Watoto 612. Hizo ni sahani 118,728 za mchana, na uji wa saa nne sijautia. Huu ni mwaka wa sita. Kabla jiko halijaanza, watoto waliokuwa wakirudi darasani mchana hawakufika mia nne. Sasa hawapungui 590. Sahani hazidanganyi. Mwezi wa nne ni mimi niliyemwambia Mwalimu Mkuu kwamba Darasa la Nne wanaenda kuamia ndege kwenye mpunga, maana sahani zao kumi na nane zilikuwa zimebaki kavu siku tatu.

Tena nimeambiwa chakula cha sherehe hiyo nipike mimi. Wageni 240 na watoto wote. Yaani nimpikie Wilbroad pilau ya bawaba yake!

Siombi pesa. Siombi kitenge, vitenge ninavyo. Nilianza na sufuria moja ya maandazi stendi ya Kyela na nimejenga nyumba ya matofali bila kumbembeleza mtu. Nataka jina langu litajwe mbele ya wazazi kama la mtu aliyefanya kazi. Kama halina nafasi, Beatrice wa Matema ananihitaji kwenye nyumba yake ya wageni kuanzia Septemba. Kule nitapikia watu thelathini na kila mmoja atasema asante kabla hajanyanyuka.

Naomba sababu.

Mama Lugano, mpishi

*

Nyumbani
14 Agosti 2024

Mama Lugano,

Marahaba. Barua yako imefika, imelowa utomvu wa ndizi lakini inasomeka.

Orodha ilipitishwa na Kamati. Wewe ni mtu wa nyumbani. Ni nani aliyewahi kumsimamisha binti yake mbele ya watu akamshukuru kwa kipaza sauti kwa sababu amepika? Wageni ndio hushukuriwa. Usiende Matema. Wajukuu wana afya njema? Mwambie Hezroni mume wako anirudishie shoka.

Mwenyekiti

*

Jikoni
15 Agosti 2024

Mwalimu Mkuu Odilia,

Ofisi yako ipo hatua arobaini kutoka hapa na mimi nakuandikia barua kama niko Dar. Nisamehe. Nikiyasema haya kwa mdomo nitalia, na mimi silii kazini.

Tarehe 31 nitapika chakula cha sherehe, halafu nitaacha kazi. Mpishi ajaye mwambie mambo matatu. Sufuria kubwa ya kushoto ina tundu dogo, asiijaze kupita mstari niliouchora kwa mkaa. Maharage yalowekwe tangu jana yake, la sivyo atamaliza kuni za wiki kwa siku mbili. Na kuna mtoto wa Darasa la Pili, Catheline, anayekula nusu na nusu anaificha ampelekee mdogo wake. Asimkemee. Amwekee upawa mmoja zaidi.

Sina ugomvi na wewe. Ila umekaa na sisi mwaka wa nne sasa. Hata wewe ulisahau kuniandika?

Mama Lugano

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
15 Agosti 2024, mchana

Mama Lugano mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nakula maharage yako, nikashindwa kuyamaliza.

Sikukusahau. Orodha niliyoipeleka kwa Kamati ilikuwa na majina kumi na sita, nawe ulikuwa wa kumi na sita kwa sababu nilitaka tumalizie na wewe, watu washangilie wakielekea kwenye sahani. Mwenyekiti ndiye aliyekufuta, kwa kalamu yake. Nilipomuuliza alisema, "Hilo ni la familia, Mwalimu, niachie." Mimi mtu wa Bukoba nitajuaje ya familia za Kinyakyusa? Nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Usiniache na watoto 612. Nakuomba.

Odilia Telesphory

*

Jikoni
16 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti,

Uliniambia Kamati. Kumbe Kamati ni kalamu yako.

Nimeolewa kwako kwa ng'ombe sita na sijawahi kukudanganya hata kuhusu chumvi. Ungeandika tu kwamba kazi yangu huioni, ningeelewa haraka kuliko hii habari ya mtu wa nyumbani. Mama amenikataza kuandika zaidi. Anasema mnamfanya posta bila hata stempu, na barua hii ina joto, itaziivisha ndizi kabla hajafika.

Mpishi

*

Nyumbani
19 Agosti 2024

Mama Lugano,

Siku tatu nimekaa na barua yako. Mama yenu Anyosisye ameninunia. Jana aliniwekea chai bila kusema karibu. Kwa hiyo nasema ukweli.

Mgeni rasmi ametoa udhuru. Siku hiyo nitakayesimama mbele ni mimi. Nitaita jina, mtu atakuja, nitamshika mkono, nitamfunga kitenge begani na kumpa cheti, tupigwe picha. Sasa fikiri jina la kumi na sita. Nikuite jina? Tangu uolewe sijawahi kulitamka. Nikushike mkono? Nikufunge wewe kitenge begani, mbele ya watu mia nane, na dada zangu wakiwa mstari wa mbele? Nikaona njia ni mbili. Uitwe usije, watu waseme mkwe wa Mwenyekiti ana kiburi. Au uje, waseme nyumba hii imekwisha. Nikachukua kalamu nikakufuta. Nilidhani nakukinga. Sikufikiri kwamba wewe utaona wino tu, na sababu huijui.

Halafu niliona aibu kukueleza, nikasingizia Kamati. Hapo nilikosa.

Unasema kazi yako siioni. Miaka sita kwenye vikao nasoma taarifa: taaluma hivi, majengo hivi, "upande wa jiko mambo ni shwari." Hiyo shwari ni wewe. Sina namna nyingine ya kukutaja. Wewe unahesabu kila kitu, lakini hiki hukukihesabu: kutoka barabarani hadi ofisini kupitia mlangoni pako ni hatua tisini. Mimi nazunguka uwanja wa mpira, hatua mia mbili na sitini, kwenda na kurudi, na mguu huu unaokufa ganzi, ili wewe usilazimike kuacha mwiko na kukimbilia migombani kila nikija.

Wali wako naujua hata ukichanganywa na wa wanawake kumi.

Ni hayo.

Baba yake Hezroni

*

Jikoni
21 Agosti 2024

Baba,

Nimeisoma peke yangu nyuma ya rundo la kuni. Hizo hatua sikuzihesabu. Nimezipima leo baada ya watoto kuondoka: ni 264. Kwa mguu wako ni nyingi.

Lakini nitasema na usinikasirikie. Umenikinga, ni kweli, na kwa kunikinga umenificha. Wazazi wengi wa shule hii hawajui kama ninajua kusoma. Wanasema "yule wa jikoni". Juzi mama mmoja alimwambia Lugano wangu, "Soma kwa bidii, usije ukaishia kwenye masizi kama mama yako." Mtoto akaniuliza usiku ule ule kama masizi ni dhambi. Wewe huyasikii hayo kwa kuwa ukipita watu wananyamaza.

Heshima ya nyumba siivunji. Sitakuja mbele ukiwa umesimama pale, hata wakinivuta. Ila sitabaki kwenye kazi ambayo sina jina ndani yake. Njia siijui. Mimi nina mchele kilo 110 wa kuchambua na mbuzi wawili wa kutafuta. Njia itafute wewe, ndiye Mwenyekiti.

Mama Lugano

*

Nyumbani
28 Agosti 2024

Mwalimu Mkuu,

Rudisha jina la kumi na sita. Hilo utalisoma wewe, na zawadi utatoa wewe. Lisome kamili kama lilivyo kwenye vyeti vyake. Mengine niachie.

E. Mwasomola
Mwenyekiti

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mzee Mwasomola,

Nimesali kwanza ndipo nikashika kalamu.

Umri wako nauheshimu. Lakini jana ulinivunja moyo. Majina kumi na matano uliyaita vizuri, ulimtania hata Isack kwamba apewe na mto wa kulalia, watu wakavunjika mbavu. Nikaja kwenye kipaza sauti. Kabla sijafungua kinywa kwa jina la kumi na sita, ukasimama, ukavaa kofia yako, ukateremka jukwaani na kutoka nje ya uwanja bila kugeuka. Watu wote waliona. Mwalimu Jubilate aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amekasirika?" Nilijibu sijui, na kweli sikujua. Kama hukutaka mama yule ashukuriwe, ungeniambia mapema kuliko kumwachia kiti kitupu.

Ninaomba ueleze kwenye kikao.

Odilia Telesphory

*

Jikoni
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mwalimu Mkuu,

Mama amenionyesha barua uliyompelekea mzee. Usimlaumu Mama, alitaka nimsomee, miwani yake imevunjika. Tafadhali usimdai mzee maelezo. Nakueleza mimi.

Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Ndiyo maana siku za kikao hunioni nje. Sasa sikiliza. Siku zote anayekwepa ni mwanamke. Baba mkwe akitokea njiani, mimi ndiye naingia migombani na ndoo yangu kichwani, hata kama ni tope. Akiingia msibani, mimi ndiye natoka. Hajawahi kutoka yeye. Sijasikia kwa bibi yangu wala kwa Mama kwamba mkubwa amempisha mdogo.

Jumamosi alitoka yeye. Aliacha kiti cha Mwenyekiti, mbele ya dada zake, sherehe ikiwa katikati, ili mahali pale pawe wazi nami niweze kuja. Wewe uliona kiti kitupu. Wazee wote wa hapa waliona nimepishwa. Unakumbuka ule ukimya kabla ya makelele? Haukuwa wa aibu. Mama ananiambia shangazi mkubwa alishika mdomo, akasema, "Huyu mtoto ni nani hata apishwe hivi?" Mama akamjibu, "Ni mpishi. Kaa chini."

Kwa hiyo shukrani nimepata mbili siku moja. Ya kwako niliisikia. Ya kwake niliiona kwa mgongo wake unaokwenda.

Uji leo ulichelewa dakika kumi, kuni mbichi. Hautachelewa tena.

Mama Lugano

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
2 Septemba 2024

Mzee wangu,

Naomba barua yangu ya jana uichome. Nimeambiwa. Miaka minne naishi hapa na bado ni mgeni. Ndaga fijo, asante sana, kama mnavyosema, na unisamehe.

Odilia

*

Nyumbani
2 Septemba 2024, jioni

Mama Lugano,

Mwalimu kanigombeza Jumapili, kaniomba radhi Jumatatu. Nimeifurahia zaidi ya Jumapili. Ni mwalimu anayewapigania watu wake, tusimwache ahamishwe.

Nina ombi. Nilikwenda kusimama nyuma ya Darasa la Tatu, kwenye kivuli cha tangi la maji, uso ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Sikuona kitu. Nilisikia Mwalimu akiita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikasema moyoni, amekwenda Matema huyu, na mimi nimetoka bure. Mara ya tatu ikaja sauti kama mvua ya Aprili juu ya bati, haikatiki, nikatazama juu na mbingu ilikuwa nyeupe. Nikamuuliza Anyosisye tulipofika nyumbani, akasema, "Kamuulize mwenyewe, mimi leo posta imefungwa." Lakini naona amekubali kuifungua.

Ilikuwa sauti gani? Na ulikuja na nguo ipi? Na Matema, unakwenda?

Baba

*

Jikoni, Shule ya Msingi Isuba
Jumanne, 3 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Nakueleza kwa mpangilio kwa kuwa hukuona.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nikipakua. Mwalimu alipoita mara ya kwanza nilidhani bado uko jukwaani, sikusogea. Mara ya pili Lucy, yule mama anayenisaidia kuosha, alichungulia akanirudia mbio: "Kiti kitupu! Mzee katoka!" Nikamwambia asinitanie, nina chuma cha moto mkononi. Akanivuta kanga. Nikachungulia mwenyewe. Nikakiona kiti, na wewe nikakuona kwa mbali unaishia kwenye kona ya Darasa la Tatu. Lucy akaniuliza, "Unasubiri nini, atoke na mkoa mzima?"

Basi nilitoka kama nilivyokuwa. Nguo ile ya kijani iliyofifia, masizi hadi kiwiko, unga wa viungo mashavuni. Nilikuwa nimeandaa gauni la kubadilisha, likabaki msumarini.

Sauti uliyoisikia ni sahani. Watoto walikuwa wameshazishika tayari kwa pilau, na waliponiona natoka, wa Darasa la Kwanza wakaanza kuzigonga kwa vijiko, wa pili wakapokea, mpaka la saba. Hakuna aliyewaagiza. Nimeuliza. Walimu walijaribu kuwanyamazisha wakashindwa, Mwalimu Marystella akaishia kugonga kiti. Sahani 612, ondoa za wanne waliokuwa wagonjwa. Leo nimekuta ishirini na moja zimebonyea na nimeamua sitazinyoosha.

Halafu Mwalimu aliita jina tena, maana makelele yalilimeza. Akalisoma polepole: Felista Lusungu Mwaisaka. Lusungu ni baba yangu. Alifariki nikiwa na miaka tisa, na sina picha yake. Tangu niolewe naitwa Mama Lugano, jina zuri, silikatai. Kabla ya hapo nilikuwa "yule wa maandazi". Jina la baba yangu halijatamkwa kwa sauti mahali popote tangu siku tuliyomzika. Nilikuwa nimejiandaa kwa langu tu. La kwake lilinikuta sina pa kushika. Nililia kazini, Baba, mbele ya wageni 240. Wilbroad ndiye aliyenipa leso. Sitamsema tena habari ya geti.

Beatrice nimempigia jana, nimemwambia atafute mwingine. Amesema nitajuta, nimemwambia juto langu halitanishinda kulipika.

Sasa la kazi. Leo waliokula ni 603. Tisa hawakuja, na sita kati yao ni wa kitongoji kimoja, ng'ambo ya kivuko kibovu. Nadhani lile gogo la kuvukia limeondoka. Hilo ni la Kamati. Kikao chenu ni Ijumaa, na nimeshaandika taarifa ya jiko ukurasa mmoja, yenye tarakimu. Mwalimu Odilia ataisoma yote, mpaka jina lililo chini. Wewe kaa kwenye kiti chako usikilize. Na ukija, pita njia fupi, mguu upone. Nitajua saa, nitafunga mlango wa jiko kwa dakika mbili.

Felista Lusungu Mwaisaka
Mpishi wa Shule